Mafua ya Baba Mkwe

Fortunata alisikia chafya kabla hajamwona aliyeipiga. Alipofungua mlango wa chumba chao, nyuma ya maduka ya mitumba ya Kariakoo, alimkuta baba mkwe wake amesimama na mkungu wa ndizi begani. Alikuwa ametoka Moshi kwa basi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

Mumewe alikuwa amelala nyuma ya pazia. Dawa za saratani ya damu zilikuwa zimemmaliza nguvu, na daktari alisema wazi kwamba kwa sasa hata mafua yanaweza kumwua.

"Amelala," alijibu Fortunata, macho yakiwa chini, kama siku zote mbele ya mzee huyo. Aliona viatu vyenye vumbi vikisogea kizingitini. Mzee akapiga chafya tena, akajifuta pua kwa kiganja.

"Nipishe basi, mama. Nimshike mkono tu."

Tangu aolewe hakuwahi kumkatalia neno. Alikuwa anafua mashuka. Alipoegemeza mkono kwenye fremu ya mlango, povu la sabuni liliteremka taratibu hadi kwenye kiwiko.

"Una mafua, baba. Huwezi kuingia."

Mzee alicheka kidogo. "Unanifukuza kwa mwanangu?"

"Ndiyo, baba," alisema, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

Kitanda kikalia nyuma ya pazia. "Huyo ni baba?" mumewe aliuliza kwa sauti nyembamba. "Mwache aingie, mke wangu."

Fortunata akatoka nje, akaufunga mlango, akautia ufunguo kifuani.