Neno la Siri la Shekue

Sheria ya siku hizi haina huruma: familia isipotoa neno la siri la marehemu, picha na sauti zake zote hufutwa alasiri ya arobaini. Arobaini ya mume wangu Shekue ni leo.

Mimi mwenyewe ndiye niliyemkanya: "Usiweke jina langu, wezi watalikisia!" Basi tumejaribu mengine yote. Imebaki nafasi moja.

Binti yangu Saumu akafungua dokezo aliloacha baba yake: *Yule aliyenikanya.*

"Ni wewe, mama! Kaandika Mwanahawa, au Mama Saumu? Baba alikuwa anakuitaje?"

Adhana ya alasiri ikaanza. Miaka thelathini na mbili Shekue hakuwahi kuniita jina. Akinihitaji, alikuwa anakohoa tu.