Karatasi ya Maneno Ishirini na Manne

Buhendwa alibonyeza namba ya siri kwa mara ya tatu, akakosea tena, na kile kidude cha USB kikajifuta chenyewe mbele ya macho yake.

“Basi,” alisema Magloire, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Himbi. “Kimesahau yote.”

Kidude hicho kilikuwa ufunguo wa akiba ya miaka kumi na miwili, fedha za kumjengea nyumba Sidonie mke wake, ambazo Buhendwa alizigeuza sarafu za mtandaoni tangu benki zifunge milango. Sidonie hakuambiwa. Jamani, mwanaume yule alikuwa na siri! Kwenye Windows ya ofisini alifunika skrini kwa koti. Mac ya shemeji yake Gisèle haikuwa na tundu la kukichomeka, wakahangaika kuazima adapta. Linux ya Magloire ilikataa kukiona mpaka ipewe ruhusa. Na kila alipotoka kwenye kompyuta ya mutu, Buhendwa alibadilisha namba. Leo imemkimbia mwenyewe.

“Usilie, papa. Yale maneno vingt-quatre, ishirini na manne ya Kiingereza, ambayo kidude kilikuonyesha siku ya kwanza, uliandika?”

“Niliandika.”

“Ukiyaingiza kwa mpangilio, yote yanarudi. Ila mutu mwingine akiyapata, mali ni yake.”

Buhendwa alishusha pumzi. Karatasi ilikuwa nyumbani, ndani ya misale yake, kitabu cha sala, imeandikwa safi kwa namba. Wiki iliyopita Sidonie aliiona, akamwita mumewe kwa jina la binti yao.

“Papa Élodie, hawa bote ni batu ya kwenu?”

“Ni bangu. Bakipotea hao, tumekwisha siye bote!”

Sidonie alimtazama kwa huruma, asiulize tena.

Sasa Buhendwa alikimbia mpaka nyumbani. Misale ilikuwapo, karatasi haikuwapo. Alipekua godoro, mifuko ya suruali, hata gunia la makaa. Angemuuliza Sidonie nini bila kumwambia yote? Kisha akakumbuka: juzi Magloire alikuja kunywa chai, akakaa karibu kabisa na ile misale. Mwizi!

Kesho yake, Jumapili ya kuwaombea marehemu, alipita benchi tupu nyingi kanisani akaenda kubanana na Magloire, amkazie macho mpaka atubu. Magloire alimsalimia vizuri tu. Sidonie, mbele na akina mama wenzake, aligeuka akampa mumewe tabasamu la kumtia moyo.

Padri alichukua karatasi kwenye kapu la majina ya marehemu, akasogelea mikro ya kusemea.

“Tuwaombee marehemu wa jamaa ya Buhendwa. Mama Sidonie anasema bwana yake anateseka sana moyoni kwa ajili yao. Moja, Grace. Mbili, Victory. Tatu, Uncle. Nne...” Padri alisogeza miwani. “Nne, Banana.”

“Uwape raha ya milele, ee Bwana,” kanisa zima liliitikia.

Buhendwa alipapasa mifuko yote akitafuta kalamu. Pembeni yake, Magloire alikuwa ameshaanza kuandika.