Kuanguka Darajani

Kila mwaka mji uliigiza vile vita vya wenyewe kwa wenyewe vya darajani, na kila mwaka watoto wa walioshindwa ndio waliopangiwa kuwa waasi: wakimbie, wapigwe risasi za mgongoni, waanguke kifudifudi huku umati ukicheka.

Safari hii Mbaruku alikimbia hadi katikati ya daraja, akageuka, akasimama.

"Anguka, bwana!" alifoka Shomvi, fundi cherehani aliyeigiza askari wa serikali, akimwelekezea bunduki ya mti. "Nimeshakupiga!"

"Umenipiga wapi?"

"Mgongoni, kama baba yako. Lala chini, pilau linapoa!"

Umati uliangua kicheko.

"Baba yangu alioshwa na mama yangu," Mbaruku alisema, sauti ikimpanda. "Tundu la risasi lilikuwa hapa." Akachana shati, akajipiga kifua. "Hakukimbia. Na mimi sikimbii tena kuwachekesha. Ukitaka nianguke, piga hapa!"

Kicheko kilikatika. Jukwaani, mkuu wa mji alipuliza filimbi, akapuliza tena. Shomvi hakujua aielekeze wapi bunduki yake.

Nyuma yao, mmoja wa waasi waliolala kifudifudi alijigeuza taratibu, akalala chali, kifua wazi juani. Kisha wa pili.