Mlenda Bila Chumvi

Sheria inamkataza mtoto kuweka pesa kwenye dubwi, ile mashine ya kamari pale dukani. Anaruhusiwa kuweka ladha ya ulimi wake, au uwezo wa kunusa. Ndivyo wanavyowalinda watoto wetu.

Jana nilipika mlenda bila chumvi makusudi, kama akina mama wa hapa kijijini tunavyowapima siku hizi. Binti yangu Nzije, wa miaka kumi na minne, akachovya tonge, akala.

“Mtamu, mama.”

“Umeshaliwa ulimi?”

Akainama. “Nitaukomboa kesho. Bado nina pua.”

Leo nilimwachia maharage jikoni. Nilipokuwa natoka kisimani, harufu ya kuungua ilinipokea njiani. Nimemkuta kando ya chungu, mwiko mkononi, anasubiri yaive.