Masharti ya Brontax

Asubuhi ile kamanda alisimama kwenye kizuizi cha barabarani, mtaa wa Alunguli, amevaa chupi nyekundu juu ya suruali, na hakuna aliyethubutu kucheka. Watu walipita wameinamisha vichwa, wakaenda kuchekea mbali, kule mtoni.

Chanzo cha chupi ile kilikuwa Germaine.

Ilikuwa miaka ya vita. Treni haikufika tena Kindu, chumvi ilikuwa imeadimika, na wapiganaji walitoka msituni wakaingia mitaani, nyumba kwa nyumba. Vijana wale hawakuogopa risasi wala wakubwa wao. Kamanda aliyetangulia aliwakataza kuiba. Wakamcheka, kisha wakamla mbuzi wake. Walichoogopa ni kimoja tu: kuvunja masharti ya dawa. Ukivunja sharti, risasi inakuona.

Walipobisha kwa Germaine, alikuwa peke yake na mdogo wake. Baba yao, mfanyakazi wa reli, alikuwa amekwama upande wa pili wa vita. Neema, msichana mbichi wa miaka kumi na sita, alijibanza chini ya kitanda, nyuma ya sanduku la baba. Germaine alisimama mlangoni akiomba Mungu alipe sanduku lile uzito wa mlima.

Kamanda alilivuta kwa mkono mmoja. Akainama kuchungulia, akakaa ameinama kwa muda, kisha akalisukuma mahali pake. Mkononi alikuwa ameshika kitabu kimoja tu cha picha.

Sanduku lilijaa vitabu vya baba, alivyovileta kimoja kimoja kutoka Lubumbashi, vyote vya shujaa mmoja aitwaye Brontax. Brontax alipaa bila mabawa, na risasi zilipomgonga kifuani zilipinda kama misumari mibovu. Kamanda alifunua kurasa, akarudi mwanzo, akafunua tena. Vijana wake walichungulia mabegani mwake, macho yamewatoka.

Akamkabidhi Germaine kitabu. "Miye sikusoma. Soma weye. Huyu muntu risasi zinamupiga, haanguke. Anatumia dawa gani?"

Mdomo wa Germaine ulikuwa umeshaondoka peke yake. "Imeandikwa... mwenye dawa hii haibe."

"Soma kwa nguvu, vijana wasikie. Haibe nini? Juu ya mbuzi hakuna kitu?"

"Iko. Mbuzi ya muntu haiguswe."

"Na kuku?"

"Na kuku pia."

Kijana mmoja nyuma kabisa alimweka chini jogoo aliyekuwa kwapani mwake.

"Angalia muzuri pale chini," kamanda akasema. "Juu ya wasichana ya watu, haisemi kitu?"

Mtu mjinga namna hii Germaine alikuwa hajawahi kumwona, na alimshukuru Mungu kwa kumuumba. "Iko! Njo sharti kubwa kushinda yote. Mwenye kumugusa musichana wa watu, dawa inageuka maji siku ile ile."

"Na ile kaleso nyekundu?" kijana wa jogoo akauliza, akiionyesha picha kwa kidole. "Mbona anaivalia inje?"

Germaine aliinamia picha. "Ile... ile njo ya mukubwa wao peke yake."

Vijana wote wakamgeukia kamanda. Kamanda aliitazama picha, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu.

Chupi nyekundu akaivaa msimu mzima wa mvua. Na msimu ule wote, pale mtaani, hakuna kuku aliyepotea. Akina mama walianika mpunga nje, na Neema alikwenda kuchota maji mchana kweupe, akiimba.

Vita vilikwisha zamani. Jumapili iliyopita mchwa waliingia kwenye sanduku lile, ikabidi vitabu vianikwe juani. Joël, mtoto wa Neema, ambaye sasa anasoma chuo kikuu, alijilaza mkekani akivisoma na kucheka hadi machozi.

"Mama mukubwa, hii kitu mulikuwa munaipendea nini? Angalia: adui amemufunga Brontax kamba, na badala ya kumuua anamuelezea mpango wake wote, kurasa mbili! Na hapa muji umebomoka wote, kesho yake watu wako sokoni. Na mask yenyewe ya uso, upana wa vidole viwili tu, halafu bibi yake wa ndoa hamutambue!"

"Bibi yake hakuwa mujinga," Germaine akasema. "Pengine alinyamaza tu."

"Lakini kamanda wenu aliwapita wote kwa ujinga." Joël akajifuta macho. "Kama angejua kusoma hata kidogo, mulikwisha!"

Germaine alimtazama mumewe, mzee Okito, mwalimu wa Kifaransa aliyestaafu, ambaye nusu ya Kindu wanamkumbuka kwa fimbo yake. Mzee alikuwa akigeuza mpunga kwa mguu. Akaja polepole, akatwaa kitabu mkononi mwa Joël, akavaa miwani, akafungua ukurasa bila kuutafuta.

"Hapa Brontax anasema: 'Nasikia njaa, narudia nyumbani.' Juu ya mbuzi, hakuna. Juu ya kuku, hakuna. Juu ya mama yako kule chini ya kitanda, hakuna hata neno moja. Nilisoma mara mbili siku ile, kabla ya kumupatia mama mukubwa wako kitabu."