Pendekezo Lililokaliwa na Mbuni

Zama wanyama walipokuwa na ofisi zao, Digidigi alilalamika kwamba miiba imeziba njia ya mtoni. Kakakuona, msikilizaji wa malalamiko, akaandika kwenye jani: "Miiba iondolewe." Akampa Mbuni, msimamizi wa njia.

"Lile pendekezo limefikia wapi, mzee?" Kakakuona alimuuliza kila wiki.

"Nimelikalia kama yai. Litaanguliwa tu."

Jani lilikuwa na joto tamu. Mbuni akasinzia, akaota njia nyeupe kama maziwa, na Digidigi akinywa maji huku akimshukuru. Kiu ikamwamsha. Akaifuata njia ile ya ndotoni, macho nusu yamefumbwa, hadi mwiba ukamzama unyayoni.

"Nani kaacha miiba hii?" alilia.

Kakakuona akachuma jani jingine. "Lalamika tu, mzee, nitaandika. Wa kulikalia tunaye."