Nishikie Mpaka Nitoke

"Nishikie hivi mpaka nitoke," mchimbaji alisema, akamwekea Mageni vidonge viwili vyekundu vya tramadoli, dawa kali ya maumivu, kiganjani. "Leo nashuka bila kumeza. Si wewe uliyesema inawezekana?"

Ni kweli Mageni alisema hivyo. Kila wiki Mageni alipita kwenye maduara, mashimo ya dhahabu ya Kahama, na dodoso la utafiti, akiwauliza wachimbaji wanatumia nini na wamejaribu kuacha mara ngapi. Kabla ya swali la kwanza huwaambia habari zake: alichimba miaka sita, na sasa ana miezi tisa hajagusa kidonge. Ndiyo maana walimjibu. Angekataa leo, nani angemwamini tena?

Akafumba kiganja. Mchimbaji akashika kamba, akazama shimoni.

Jua lilikuwa la utosi. Jasho lilijaa mkononi, vidonge vikaanza kunata. Alipochungulia, rangi nyekundu ilikuwa imeingia kwenye mistari ya kiganja. Goti alilovunjia humo humo duarani, ambalo asubuhi nzima hakulikumbuka, likaanza kumuuma. Mate yakamjaa mdomoni.

Alijiambia avitupe. Vidole vikagoma.

"Bado unavyo?" sauti ikauliza kutoka chini.

"Ninavyo."

Akapiga magoti ukingoni, ngumi ikiwa imebanwa kifuani.

"Kaka," akaita, "panda. Siwezi kuvishika peke yangu."

 Kamba iliyokuwa imelegea ikavutika kwa uzito wa mtu anayepanda.